Tuisheni ya hesabu za kubahatisha hapa Tudor, Mombasa: nimemaliza Jumamosi zote 6, maoni yangu haya

Nianze na kilichonipeleka, manake bila hicho hamtaelewa kwa nini hii tuisheni naipa nyota 4.

Mimi ni karani wa stoo, godauni moja upande wa Shimanzi, na mizigo yetu mingine ni madramu ya kemikali. Kila mwaka lazima kila mfanyakazi apitie mafunzo ya usalama. Watumiwa video kwenye simu, waitizama, alafu waletewa maswali 10 ya kweli au si kweli, ukipata 6 umepita na cheti chaja hapohapo, ukikosa warudia, una nafasi 3. Mwaka huu nliketi karibu na kijana mmoja mgeni wa kupakia, video hakuitizama hata dakika moja, aliiacha yacheza ndani ya mfuko wa suruali huku yeye ala mahamri, na maswali yalipokuja akawa abonyeza tu, kweli, si kweli, kweli, kweli, bila kusoma. Mara ya kwanza 4. Mara ya pili 7. Cheti kikaja.

Wiki hiyohiyo nikamkuta ameinamia dramu linalovuja kwenye mfuniko, mikono mitupu, na ubavuni pa dramu kuna ile alama ya kimiminika chadondokea mkono na kuula. Nikamuuliza, mwanangu, hii alama yakwambia nini? Akasema, sijui mamangu, nliambiwa nilisogeze tu.

Alhamdulillah hakuumia, nlimvuta nikampa glavu. Lakini nlipofika nyumbani swali lilinikaa kichwani likakataa kutoka: kama huyu amepita kwa kubonyeza tu, ni wangapi wengine tumewapa vyeti vivyohivyo? Hesabu ya kujibu hilo sikuwa nayo. Probabiliti nliisoma fomu foo, ni miaka 19 sasa, na wakati ule nlikariri fomula nikaandika kwenye karatasi ya mtihani nikaisahau mlangoni.

Ndo jirani yangu akaniambia kuna mwalimu mstaafu ana darasa la takwimu la Jumamosi, ghorofa ya 2, ngazi ziko kando ya duka la vifaa vya umeme, wanafunzi wengi ni wa kolej wanaofanya biashara na uhasibu lakini watu wazima pia wapo. 3,500 kwa Jumamosi 6, saa 8 mchana mpaka saa 10 na nusu. Nikatuma pesa.

Siku ya kwanza nlidhani nimeingia darasa lisilo langu. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Alitugawia kila mtu karatasi yenye maswali 10, kila swali lina A, B, C na D, na swali lenyewe ni lilelile mara 10: nimeandika herufi gani kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii? Bahasha iko mezani, imebandikwa gundi. Tulikuwa 24. Kuna dada mmoja akainua mkono akasema mwalimu, hii hatukusoma. Akamjibu, hamna aliyesoma dada, ndo maana nawapa.

Tukajaza, tukabadilishana karatasi, akamwita mmoja wetu afungue bahasha asome. Alafu akachora ubaoni, aliyepata 0 asimame, aliyepata 1 asimame, hivyohivyo. Nliandika pembeni ya daftari: 0 alikuwa mtu 1, waliopata 1 walikuwa 5, 2 walikuwa 7, 3 walikuwa 5, 4 walikuwa 4, na wawili walipata 5. Mmoja wa hao wawili ni kijana wa tuktuk, mwalimu akamwambia njoo mbele, darasa likampigia makofi, akamuuliza, ulijuaje namba 7 ni B? Kijana akasema, nlibahatisha tu mwalimu. Na namba 2? Nlibahatisha. Na hii? Nimekwambia nlibahatisha mwalimu! Akamshika bega akatugeukia, akasema huyu amepata nusu ya mtihani ambao hakuna aliyejua hata swali moja, sasa tutahesabu kama ni ajabu au si ajabu.

Hapo ndo nlijua pesa yangu haikupotea.

Hesabu yenyewe aliianza chini kabisa, maswali 3 tu, na alitumia vizibo vya soda. Vizibo 3 mezani, kilichoangalia juu ni swali umepata, kilichofunikwa ni umekosa. Akauliza, nikibahatisha maswali 3 yenye herufi 4 kila moja, nafasi ya kupata moja tu ni ngapi? Karibu sote tukasema robo ya kupata, mara robo 3 za kukosa, mara robo 3 tena, yani 9 juu ya 64. Akachukua vizibo akavipanga: umepata la kwanza ukakosa mawili. Akavipanga tena: umekosa la kwanza ukapata la kati. Tena: umekosa mawili ukapata la mwisho. Kila mpango ni 9 juu ya 64, na mipango ni 3, kwa hivyo jibu ni 27 juu ya 64, kama asilimia 42. Nyinyi mmehesabu kizibo kimoja kikiwa mahali pamoja, akasema, lakini kizibo chaweza kukaa mahali patatu.

Mimi hapo kichwa kilifunguka, sina njia nyingine ya kusema. Ile namba ya mbele kwenye fomula ambayo nliikariri miaka yote bila kujua yafanya nini, kumbe ni idadi ya njia vizibo vyaweza kupangika! Basi. Na akatufanya tujumlishe zote: kukosa yote 3 ni 27 juu ya 64, kupata 1 ni 27, kupata 2 ni 9, kupata yote ni 1. Jumla 64. Akasema msiondoke kwenye hesabu ya bahati mpaka mjumlishe mfike moja kamili, kama vile muuza duka hafungi mpaka pesa za droo zilingane na daftari.

Kutoka hapo mpaka maswali 10 ni njia ileile tu, ila vizibo havitoshi mezani, kwa hivyo watumia kombinesheni, yani hesabu ya idadi ya hizo njia. Njia za kupata 3 kati ya 10 ni 120. Kila njia ni robo ikizidishwa yenyewe mara 3, alafu robo-tatu ikizidishwa yenyewe mara 7. Ukizidisha wapata kama asilimia 25. Kupata 2 ni asilimia 28, kupata 1 ni kama 19, kupata 4 ni kama 14 na nusu, kutopata hata moja ni asilimia 5 na nusu hivi. Akazidisha kila moja na watu 24 akaandika kando ya namba zetu za bahasha: hesabu yasema 0 iwe kama mtu 1, 1 iwe wanne na nusu, 2 karibu 7, 3 wawe 6, 4 wawe watatu na nusu. Zetu zilikuwa 1, 5, 7, 5, 4. Wallahi darasa lilinyamaza. Yani watu 24 wa kutoka Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, hakuna aliyeambiana na mwenzake, kila mtu amejichagulia herufi anavyotaka, na tumejipanga karibu sawasawa na karatasi. Na kijana wa tuktuk? Nafasi ya kupata 5 au zaidi ni asilimia 7.8, ukizidisha kwa 24 wapata kama watu wawili. Tulikuwa nao wawili. Alipoona hivyo kijana mwenyewe akasema basi si mimi, ni lazima angepatikana mtu. Mwalimu akasema si lazima, lakini usishangae akipatikana.

Historia aliipitia haraka, na mimi ningependa aikalie kidogo zaidi. Ile pembetatu ya namba za kombinesheni, 1, alafu 1 na 1, alafu 1, 2, 1, ambayo vitabu vyaipa jina la Pascal, Mfaransa aliyeandikiana barua na mwanahisabati mwenzake Fermat mwaka 1654 kuhusu michezo ya bahati, kumbe ilishajulikana kwa mwanahisabati al-Karaji kule Baghdad kama miaka 1,000 iliyopita. Na hesabu ya majaribio ya kupata au kukosa yaitwa kwa jina la Jacob Bernoulli wa Uswisi, kitabu chake kilitolewa 1713, miaka 8 baada ya yeye kufa. Dakika 10 hivi na tukapita.

Jumamosi ya 3 ndo iliyokuwa nzito kwangu, ya masharti. Mgawanyo huu wa bainomio, ndo jina la hii hesabu yetu ya kupata au kukosa, hautumiki ovyo. Idadi ya majaribio lazima uijue kabla, kila jaribio liwe na matokeo mawili tu, nafasi ya kupata iwe ileile kila mara, na jaribio moja lisiathiri jingine. Hilo la mwisho ndo watu wengi huliruka. Mfano alioupa ni wa mvua: mwezi wa 5 hapa kwetu, ikinyesha leo, kesho pia yaelekea kunyesha, kwa hivyo ukitaka kuhesabu siku za mvua kwenye wiki kwa bainomio utajidanganya, manake siku zimeshikana. Na mtihani ambao wanafunzi wameigiziana nao hivyohivyo, kumi walioiga kwa mmoja ni mbahatishaji mmoja tu.

Dada wa siku ya kwanza akauliza swali ambalo na mimi nlikuwa nalo: na nikijaza C zote je? Mwalimu alilipenda sana. Kama mtunga mtihani amepanga majibu ovyo ovyo kwa bahati, C zote ni sawa tu na kuchanganya, hesabu haibadiliki. Lakini kama amehakikisha kila herufi iko sawasawa, mfano maswali 40 na kila herufi mara 10, basi C zote zakupa 10 kamili, si 9 si 11, hapo hakuna bahati tena na bainomio haiingii.

Wenye watoto wa shule, sikilizeni hili. Mtoto akijua maswali 6 kati ya 10 na yamebaki 4 hajui, na hakuna alama zinazokatwa kwa kukosa, asiache wazi hata moja. Nafasi ya kuokota angalau moja kwenye hayo 4 ni moja toa robo-tatu iliyozidishwa yenyewe mara 4, yani asilimia 68. Na kama kwenye kila swali aweza kufuta herufi mbili anazojua si zenyewe, abaki na mbili, nafasi yapanda mpaka karibu 94. Mimi mwanangu ana miaka 11, nimemfundisha kufuta kabla ya kubahatisha, na sasa akirudi na karatasi naona amekata mistari kwenye herufi alizozikataa.

Haya, na lile swali langu. Jumamosi ya 4 nlimpelekea mwalimu baada ya darasa, watu washaondoka, nikamweleza habari ya vyeti vya kazini bila kutaja kampuni. Hakunipa jibu. Alinipa chaki. Maswali 10, kweli au si kweli, nafasi nusu, kupita ni 6 au zaidi. Nikaandika njia: 210 za kupata 6, 120 za kupata 7, 45, 10, na 1. Jumla 386. Chini ni 1,024, manake 2 mara yenyewe mara 10. Asilimia 37.7. Yani ukibonyeza ukiwa umefumba macho, una nafasi zaidi ya theluthi ya kupata cheti cha kushika kemikali. Nikageuka kumwangalia, akasema, umesahau marudio. Kuanguka mara moja ni asilimia 62.3, kuanguka mara zote 3 ni hiyo mara yenyewe mara yenyewe, wapata 24 na kitu. Kwa hivyo anayebahatisha mara 3 apita kwa asilimia karibu 76.

Robo tatu ya watu wasiojua chochote hupita. Nlikaa kwenye ile benchi na chaki mkononi nikamfikiria yule kijana ameinamia dramu.

Mwalimu akasema sasa usilie, rekebisha mtihani. Tukahesabu maswali 20 yenye herufi 4, kupita ni 12, yani asilimia 60 ileile ya zamani. Kwa wanaobahatisha apita mtu 1 kwa kama watu 1,070. Hata ukimpa nafasi 3 hafiki nusu ya asilimia moja. Alama ya kupita ni ileile, kilichobadilika ni idadi ya maswali na idadi ya herufi, na mlango uliokuwa wazi umefungwa. Akanionyesha pia kwa nini wingi wa maswali una nguvu hivyo: kupata nusu au zaidi kwa kubahatisha herufi 4, ukiwa na maswali 10 ni kama mtu 1 kwa 13, ukiwa na 20 ni 1 kwa 72, ukiwa na 50 kama ule mtihani wa KCPE wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ni 1 kwa zaidi ya watu 8,000. Bahati yaweza kukubeba hatua chache, safari ndefu haikubebi.

Nliandika ukurasa mmoja, nikauchapisha, nikampelekea bosi. Alisoma akiwa amesimama, akauliza, hizi hesabu umefanya wewe? Nikamwambia ndio bosi, na waweza kuzirudia mwenyewe kwenye kompyuta, nikamwandikia: 1-BINOM.DIST(5,10,0.5,TRUE), yani moja toa nafasi ya kupata 5 au chini, akaiweka kwenye jedwali lake ikatoka 0.377. Mtihani wa mwaka ujao utakuwa wa maswali 20, herufi 4. Marudio bado yako 3 na video bado ni ileile, naendelea kumsukuma, na nataka kabla ya cheti kila mtu asimame mbele ya dramu aseme kila alama ina maana gani, manake hiyo huwezi kubahatisha.

Sasa mapungufu, na yapo. Chumba kina feni moja na mwezi wa 3 pale juu ni joto la kuchemsha, ukichelewa waketi nyuma ambako feni haifiki na muezini wa msikiti wa jirani akiadhini Alasiri mwalimu husimama, sawa kabisa, lakini zile dakika harudishi mwishoni. Notisi zatumwa WhatsApp kwa picha za ubao na nusu yake hazisomeki, mimi nlikuwa naandika kila kitu kwa mkono, ukitegemea picha utaumia. Jumamosi ya 6, ya kutumia mkunjo wa nomo, ule wa umbo la kengele, pale maswali yakiwa mengi, alikimbia sana, wanafunzi wa kolej walifuata lakini sisi wengine tulibaki na ukurasa wa fomula bila vizibo vyake, na nimemwambia hivyo kwa heshima, akakubali ataigawa mara mbili. Risiti ya M-Pesa waikubali lakini wao wenyewe hawatoi risiti mpaka uulize mara mbili tatu. Hiyo nyota moja niliyokata ni ya hayo.

Kalkuleta si lazima iwe ya bei. Hizi za kawaida za Casio zenye kitufe cha nCr, kile cha kombinesheni, zatosha, mimi nlitumia fx-82MS ya zamani ya kakangu. Walio na fx-991EX wana mahali pa bainomio moja kwa moja, waweka namba yatoa jibu, lakini mwalimu hakuwaruhusu kuitumia mpaka Jumamosi ya 4, na alikuwa na haki.

Mtu akiniuliza ni nani hasa aende, ntamwambia mwanafunzi wa takwimu aliyekwama kwenye fomula, mwalimu wa shule anayetunga mitihani ya kuchagua herufi, na yeyote kazini kwake anayetoa vyeti kwa maswali 10. Darasa jipya laanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Fika saa 7 na nusu ushike benchi la mbele chini ya feni, beba daftari la miraba, na usiogope kama ataanza kwa kukupa bahasha iliyofungwa.